Upatanishi si Kubariki Talaka



Kuna neno linalorudiwa katika parokia zetu kana kwamba ni fundisho la Kanisa: ya kuwa Mkristo akiwasaidia mume na mke walioshindwana wapatane juu ya watoto na mali, basi amebariki talaka, afadhali wapelekane mahakamani, nasi tunawe mikono. Neno hilo nalikataa. Kunawa mikono ni desturi ya Pilato.

Tuanze na lililo wazi. Ndoa ya wabatizwa iliyofungwa kihalali na kukamilishwa haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu. Ndivyo inavyofundisha kanuni ya 1141 ya Sheria ya Kanisa. Wakili hawezi kuivunja, wala jaji, wala mpatanishi. Lakini Sheria hiyohiyo, katika kanuni ya 1446, inawataka waamini wote, na hasa maaskofu, wajitahidi kuepusha mashtaka kati ya taifa la Mungu. Tena inamhimiza jaji awaongoze wenye shauri watafute suluhisho la haki, hata kwa msaada wa wapatanishi. Katekisimu nayo, namba 2383, inakiri kwamba talaka ya kiserikali yaweza kuvumiliwa ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi. Basi anayemhukumu mpatanishi anasimama juu ya fundisho lipi?

Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inamtaka jaji ajaribu kwanza kuwapatanisha wanandoa kabla ya kesi ya talaka kuendelea. Hatua hiyo ni njema, ila lengo lake ni kuwarudisha pamoja. Wakikataa, wengi huona imebaki njia moja tu, kushtakiana. Sivyo. Wanaweza kuketi na mtu asiyependelea upande wowote, wakapatana nani atalipa karo, mtoto atakaa wapi, nyumba itatumiwaje. Kisha wakapeleka mapatano yao kwa jaji, mwenye neno la mwisho. Katika nchi nyingi wapo mawakili wa mambo ya familia wanaofanya kazi hiyo badala ya kuchochea kesi. Hata jirani zetu wametangulia kuthamini meza kuliko mashtaka: Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida haipokei ombi la talaka kabla ya shauri kupita katika baraza la usuluhishi, na Kenya, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, inawaruhusu waliofunga ndoa ya Kikristo kukiendea chombo cha upatanisho mahali pao pa ibada.

Mfikirieni mtoto wa Kindu ambaye baba yake anakaa Alunguli na mama yake Kasuku. Kila juma anavuka Lualaba kwa mtumbwi, na pamoja na daftari zake amebebeshwa matusi ya huku ayafikishe kule. Katika kesi kila mzazi hutafuta ushahidi wa ubaya wa mwenzake, na mtoto huyo ni damu ya wote wawili. Baadhi yenu mnaosoma hapa mnaijua safari hiyo kuliko mimi.

Wengine watasema: tunao wazee, tunacho kikao cha jamaa. Nakiheshimu. Lakini mara ngapi kila mzee huja kutetea ukoo wake, mahari ikawa neno la kwanza, mke akasema mwisho, na mtoto asitajwe? Tangu 2016 sheria yetu haimdai tena mke kibali cha mume ili atende jambo la kisheria. Kikao kinachomnyamazisha hakiwezi kuitwa upatanisho.

Hata hivyo, meza ya mapatano haimfai kila mtu. Palipo na kipigo na vitisho, anayeogopa hawezi kupatana na anayemtisha. Ataridhia lolote ili arudi salama. Papa Fransisko, katika Amoris laetitia namba 241, alikiri kwamba kutengana mara nyingine ni wajibu wa kimaadili, ili kumwokoa mwenzi aliye dhaifu au watoto wadogo. Hapo mwelekezeni mtu kwenye usalama na mahakama, wala msimwambie avumilie.

Mtume Paulo aliwaaibisha Wakorintho kwa kushtakiana, akawauliza kama kweli hakuna hata mmoja kati yao mwenye hekima ya kuamua kati ya ndugu. Swali hilo sasa ni letu. Katika parokia zetu wapo wanasheria, walimu, makatekista na wanandoa waliokomaa. Kikundi chenu kimwombe paroko awakusanye na kuwaandaa kwa kazi hii. Na ninyi mtakaofunga ndoa kesho, jifunzeni tangu sasa kubishana bila kutafuta ushindi.