Miwa Isifike Mlangoni



Mwezi huu wa Septemba mahindi ya masika yamekwisha kuvunwa, na mvua za vuli bado hazijashika. Aliyepanda mboga karibu na jikoni mwanzoni mwa Agosti, akazinywesha maji ya kuoshea vyombo, sasa anachuma. Asiyepanda ananunua.

Fuata barabara kutoka Muhoroni, upite Chemelil na Miwani mpaka njia panda ya Mamboleo. Utaona nyumba ambazo miwa imesogea mpaka ukuta wa jikoni. Mama wa nyumba hiyo hana pa kupanda hata shina moja la kunde. Akitaka mboga, sharti apande gari aende sokoni na fedha mkononi, naye ni mke wa mkulima!

Hatusemi miwa ni mbaya. Kiwanda cha Muhoroni kilianza kazi mwaka 1966 na cha Chemelil mwaka 1968, na miwa imesomesha watoto wengi wa mashamba haya. Lakini miwa ya kwanza hukaa shambani miezi 18 hata 24. Ikisha kukatwa, hutolewa kwanza gharama za kulimiwa, za mbegu, za mbolea na za kusafirisha. Kinachobaki pengine huchelewa. Mtoto aliyeachishwa ziwa hawezi kungoja hayo yote. Mgagani huchumwa baada ya majuma manne hivi, mchicha na majani ya kunde hata mapema zaidi.

Wako watakaosema mboga ni kazi ya wanawake, na miwa ndiyo mali. Basi na tuihesabu mali hiyo. Malipo ya miwa hutoka kwa jina la mwenye shamba, na mara nyingi huyo ni baba. Senti za mboga hushikwa na mama, nazo huenda kwenye chumvi, sabuni na daftari. Baba anapong'oa kunde ili apate mistari mitatu zaidi ya miwa, haongezi mali ya nyumba. Anaitoa katika mkono wa mama na kuitia katika wake, na wanaopungukiwa ni watoto. Kwa maoni yetu hilo si jambo la haki, wala si kilimo bora.

Kwa hiyo pima karibu na jikoni hatua 20 kwa 10, na mahali hapo pasiguswe na miwa. Zungusha ua wa kuzuia kuku na mbuzi. Udongo wetu mweusi wa Kano hutuama maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Basi inua matuta na uchanganye samadi iliyooza. Panda mgagani, ambao Wajaluo huuita dek, na mnavu, yaani osuga, pamoja na kunde na mlenda. Usipande zote siku moja. Panda tuta moja kila baada ya majuma mawili, ili mavuno yafuatane.

Mgagani ukianza kuchanua, kata ncha zake. Utatoa matawi mapya na kuendelea kuzaa majani. Acha mashina machache yaliyo bora yakomae kwa mbegu. Ukali wake hupungua ukichemshwa na kulazwa katika maziwa, kama wazee wetu walivyojua. Majani haya yana madini ya chuma na vitamini A, vitu ambavyo ugali mtupu hauwezi kuwapa watoto.

Mavuno ya kwanza yaliwe nyumbani. Yanayozidi ndiyo yaende Mamboleo, na atakayeyauza ashike fedha yake.

Mwenye shamba, kabla ya kupanda miwa tena, kaa na mkeo mkubaliane mpaka wa bustani yake. Kisha pigeni vigingi, navyo visisogezwe.