Staa Kasema Tutupe Fleshi. Mimi Nasema Ngoja Kwanza

Wadau, kuna klipu imezunguka sana wiki hii. Staa mmoja (simtaji, mshamjua) anatuonyesha sebule yake mpya. Spika mbili ndefu kama milango, amplifaya yenye taa ya bluu, kompyuta ndogo isiyo na feni imefichwa kwenye kabati, na mkononi ana tableti yenye programu moja inayokusanya kila kitu: mafaili yake mwenyewe, albamu za Tidal, albamu za Qobuz, vyote ukurasa mmoja, makava yamejipanga kama soko la vitenge. Mwishoni akatupiga kijembe. Eti kama mpaka leo una nyimbo kwenye fleshi wewe umebaki nyuma, tupa hiyo takataka, hamia kwenye kustrimu.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu kicheko kikakata, kwa sababu miaka miwili iliyopita maneno hayo hayo niliyasema mimi, Tabora, Isevya, mbele ya ba'mdogo wangu. Nitafika huko.

Kwanza nimpe staa haki yake, maana alichoonyesha si ushamba wa hela tu. Kompyuta ya kawaida haijatengenezwa kwa ajili ya muziki. Windows ikiachwa ilivyo inachanganya sauti zote pamoja, ngoma yako na ile milio ya meseji, inazilazimisha ziwe za kipimo kimoja, ndipo inazitoa. Programu za watu wa sauti safi zinaipita hiyo njia. Zinaishika ile DAC, yaani kile kidude kinachogeuza namba za kompyuta kuwa sauti, na kukiambia: kwa sasa unamsikiliza mimi peke yangu. Tofauti ipo, hasa kama spika zako zina adabu. Kwenye sabufa la mtaani lenye besi ya kutingisha bati usijisumbue, hutasikia kitu.

Hii programu ya staa, kwa nilivyoiona, ni Roon. Hiyo imeunganishwa na Tidal na Qobuz kwa makubaliano rasmi, ndiyo maana albamu unayostrimu na faili lako vinakaa pamoja kama ndugu. Audirvana nayo inafanya hivyo. Lakini Spotify huikuti ndani ya Roon. Huduma nyingi zinafunga muziki wao kwa kufuli, na mwenye kufuli ndiye anaamua nani aingie. Kulikuwa na mlango mdogo ambao mafundi waliutumia kuiingiza Spotify kwenye programu nyingine, hata foobar2000 ya watu. Spotify wakaufunga moja kwa moja mwaka 2022. Siku moja ulikuwa unafanya kazi, siku ya pili haufanyi. Hakuna aliyekuja Tabora kuuliza.

Sasa tuje kibongobongo. Spotify imeingia rasmi Tanzania mwaka 2021. Boomplay tunayo kabla ya hapo, ilikuwa inakuja tayari ndani ya simu za Tecno. Qobuz haijafika rasmi, kwa hiyo akaunti ya staa wetu lazima ina anwani ya ughaibuni. Sawa, ana ndugu huko. Lakini basi usitutukane sisi tusio na anwani.

Halafu kuna bando. Muziki wa ubora wa CD ambao haujabanwa unakula kama MB 10 kwa dakika. Ukiupakia kwa FLAC, ambayo haipotezi kitu, unashuka karibu nusu. Albamu ya dakika 45 ni MB 250 hadi 300. Ukiwa na GB 1 umeisikiliza mara tatu, umekwisha. Ukiwa nayo kwenye diski unaisikiliza mpaka majirani wahame. Na mkoa ambao umeme ukiondoka ruta nayo inaondoka, laptopu yenye betri na faili lake ndani bado inaimba. Hilo staa haliwezi kulijua, jenereta yake inawaka kabla taa hazijazimika.

Sasa hadithi ya Isevya.

Ba'mdogo ni mwalimu mstaafu. Toka ujana wake alikuwa anarekodi redio. Kaseti zimejaa boksi mbili: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Salim Zahoro na Kiko Kids, yaani bendi za nyumbani, za huku huku. Bendi nyingi za enzi zile zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na kanda zikabaki za redio. Zile zilizotoka kwenye sahani ya santuri mara nyingi zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ukaja kufungwa mwaka 1977. Kwa hiyo mtu wa Tabora aliyetaka kubaki na wimbo wa bendi ya Tabora, njia yake ilikuwa kukaa karibu na redio na kidole kwenye kitufe chekundu.

Miaka ya karibuni alizipeleka zile kaseti kwa kijana wa stesheneri, zikageuzwa mafaili. Kazi si mbaya. Zina mchwii mchwii wa kaseti, zingine zinaanza wimbo ukiwa katikati, zingine mtangazaji anaongea juu ya gitaa. Nikaenda likizo, nikamkuta anazipiga kwenye laptopu yake mbovu, diski imejaa pomoni. Mimi nimetoka Dar najua kila kitu. Nikamwambia, "Ba'mdogo, siku hizi hatuweki mafaili. Tunaweka kule juu, unasikiliza popote."

Nilimfungulia huduma moja ambayo inakagua mafaili yako, ikiukuta wimbo inao kwenye ghala lake inakupa wa kwake, ulio safi zaidi. Usiku kucha ikakagua. Asubuhi imeandika yote tayari. Nikafuta yaliyokuwa kwenye diski ili laptopu ipumue. Nikarudi Dar najiona nimefanya jambo la maana.

Alinipigia baada ya kama wiki tatu. Hakuwa amekasirika. Ananiuliza tu taratibu, "Mwanangu, ule wimbo wenye salamu za mzee umeuweka wapi?"

Mzee ni baba yake, babu yangu, fundi wa reli. Miaka ya 80 alituma kadi kwenye kipindi cha salamu, mtangazaji akaisoma: jina lake, Tabora, akimsalimia mkewe aliyekuwa kaenda kuuguza Urambo, halafu gitaa linaanza. Sekunde kama 20 hivi. Babu hakuacha sauti yake popote, hakuacha picha zaidi ya mbili. Hizo sekunde 20 ndiyo mahali pekee duniani ambapo jina lake lilitamkwa hewani.

Ile huduma iliutambua wimbo. Ikampa ba'mdogo wimbo "huo huo", umerudiwa miaka mingi baadaye, una kinanda, sauti safi kabisa. Salamu hakuna. Kaseti yenyewe ilishamezwa na redio zamani. Kijana wa stesheneri alishafuta. Na mimi nilikuwa nimefuta.

Simlaumu mwenye huduma. Maelezo yalikuwepo, sikusoma. Ila toka siku hiyo mtu akiniambia faili na strimu ni kitu kimoja, damu inanichemka.

Watu wa Tabora walipaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na hili. Mji wetu ulikuzwa na misafara. Mzigo ulitoka Bagamoyo, ukafika Unyanyembe, ukapumzishwa, ndipo ukaendelea Ujiji. Kwa nini watu walijenga ghala hapa? Kwa sababu njia inafungwa. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga, na kila aliyekuwa anategemea kitu kipite akakaa kusubiri au akazunguka mbali kusini kama Stanley. Mwaka huo huo Livingstone alifika Ujiji akitegemea kukuta bidhaa zake alizotumiwa kutoka pwani. Akakuta mtu aliyekabidhiwa mzigo ameshauuza wote. Kule juu tunakoweka nyimbo ni kwa huyo bwana wa Ujiji. Leo mwaminifu, kesho mkataba na lebo umeisha, albamu imegeuka rangi ya kijivu na haifunguki. Hata zile nyimbo ulizozihifadhi kwenye simu kwa Spotify usikilize bila bando, usipoingia mtandaoni ndani ya siku 30 zinafungwa.

Najua kuna mtu anajiandaa kuniambia: acha ushamba, kustrimu ndiko kunamlipa msanii, fleshi ni wizi. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Ngoma mpya nazisikiliza kwa kustrimu na nalipia, na nikiipenda albamu sana natafuta kama inauzwa Bandcamp, pale unalipa na unapewa FLAC iwe yako. Lakini nani anastrimiwa kati ya wale wazee wa bendi? Vilivyopo ni mikusanyiko michache, kama ule mfululizo wa Zanzibara wa lebo ya Buda Musique ya Ufaransa. Nyingine ziko kwenye kanda za RTD ambazo sasa ziko TBC, na nyingine kwenye maboksi ya kina ba'mdogo. Ukitupa boksi hujamlipa mtu yeyote.

Na staa asijisahaulishe. Ngoma yake ya kwanza kabisa mimi sikuistrimu. Nilirushiwa kwa Bluetooth na konda wa daladala. Fleshi na memori kadi ndizo zilizomnunulia hizo spika.

Basi sasa hivi pale Isevya tumepanga hivi. Laptopu ile ile mbovu, ndani yake foobar2000, ya bure, ipo toka 2002, nyepesi hata mashine ya zamani inaibeba. DAC ndogo ya kuchomeka, amplifaya ya mtumba, spika ambazo ba'mdogo alizitengenezea makasha ya mninga mwenyewe. Mafaili yaliyobaki yako kwenye diski mbili, moja kwake na moja kwangu Dar. Folda tumelifunga lisomwe tu, programu yoyote isiandike humo wala kufuta. Nilijifunza hilo siku programu moja ilipojifanya inapanga maktaba: ikaona Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, ikaziweka zote pamoja na Miles Davis. Ba'mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Huyu Mmarekani naye alipigia Isevya?"

Kustrimu kupo pia, kwenye simu, kunaingia kwenye amplifaya hiyo hiyo kwa swichi ya upande. Ni mgeni. Anakaribishwa, anapewa kiti, ila funguo za ghala hapewi. Siku Roon na wenzake watakapokuja na bei ya watu wetu nitawakaribisha vilevile, maana ule ukurasa mmoja wa staa, nisiwe mnafiki, ulinivutia.

Na ubora msihangaike nao kupita kiasi. Kuna jamaa ananisisitiza kaseti zigeuzwe kwa 24/192, namba kubwa kubwa. Kaseti iliyorekodiwa kutoka redio haina hicho kitu ndani yake, utapata mchwii mchwii wa hali ya juu tu. Ubora wa CD unatosha na ziada. Cha maana ni kuliacha kila kitu kilichomo, mtangazaji akiongea muache aongee, jogoo akiwika muache awike.

Nimerudi Tabora mara tatu toka ile simu. Nafika, mwangaluka, tunakaa chini ya mwembe, tunapekua boksi. Bado hatujaipata. Lakini kipindi kile kilirushwa nchi nzima, na ba'mdogo hakuwa peke yake mwenye kidole kwenye kitufe chekundu. Kwa hiyo kama kwenu kuna kaseti za salamu za RTD za miaka ya 80, iwe Kanyenye, Urambo, Nzega, Kigoma au hata Muscat, zigeuze faili kabla redio haijazimeza. Na ukimsikia mtangazaji anamtaja fundi wa reli wa Tabora anamsalimia mkewe aliyeko Urambo, halafu gitaa likaanza, usikate hapo mwanzo. Nitumie kama ilivyo. Nauli ya basi au ya treni nalipa mimi.