Sifuri si sawa na "hatujui"

Ndugu Mhariri,

Natoa maoni yangu juu ya majedwali ya takwimu ambayo siku hizi wananchi tunaonyeshwa kwenye kompyuta na simu. Hoja yangu ni kwamba mahali ambapo taarifa haijapatikana paandikwe hivyo. Pasijazwe sifuri, wala pasiachwe patupu.

Huku kwetu Chunya, wakati wa mvua taarifa ya zahanati ya kijijini huweza kuchelewa kwa ubovu wa barabara, au kwa kuwa mhudumu yuko peke yake. Niliwahi kuonyeshwa jedwali ambamo zahanati moja ilikuwa na wagonjwa wa malaria 0 kwa mwezi mzima wa mvua. Kumbe taarifa yake ilikuwa haijaingizwa, na kompyuta ilikuwa imeagizwa kujaza sifuri kila palipo wazi.

Madhara yake si madogo. Tuseme zahanati ilitibu wagonjwa 40 mwezi wa kwanza, mwezi wa pili haikuleta taarifa, na wa tatu ilitibu 50. Wastani wa miezi inayojulikana ni 45. Ukiweka sifuri, wastani unakuwa 30. Dawa zikiagizwa kwa hesabu hiyo, wagonjwa 15 kila mwezi watarudi nyumbani mikono mitupu.

Kuacha wazi nako hakutoshi. Programu ya DHIS2, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na inayotumika hapa Tanzania kukusanya taarifa za MTUHA, kwa kawaida haihifadhi sifuri mpaka iagizwe hivyo kwa kila kipengele. Kwa hiyo mhudumu aliyehesabu akakuta hakuna mgonjwa wa kipindupindu, na yule ambaye hakuandika chochote, wanaweza kuonekana sawa. Wa kwanza ametuletea habari njema. Wa pili anahitaji kufuatwa upesi, maana kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kuna pia pengo la namna ya tatu. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,707,410 katika Mbeya ya zamani, na ile ya 2022 ikahesabu 2,343,754 katika Mbeya ya sasa na 1,344,687 Songwe. Mtu akiandika kuwa Songwe mwaka 2012 ilikuwa na watu 0, msomaji atadhani kulikuwa na pori tupu, na kwamba watu wa Mbeya wamepungua. Ukweli ni kwamba takwimu za 2012 zilipogawanywa upya kwa mipaka mipya, Mbeya ilipata 1,708,548 na Songwe 998,862.

Jambo hili si geni. Vitabu vya takwimu za watu vya Umoja wa Mataifa vina alama moja ya "hakuna kabisa" na nyingine ya "taarifa haikupatikana", na maana zake huelezwa kwa wasomaji.

Wapo watakaosema kuwa jedwali lenye maneno "haijapokelewa" linaonekana baya na linaiaibisha ofisi. Mimi naona aibu hiyo ina faida, kwa sababu itamfanya mkubwa aulize taarifa iko wapi.

Kwa hiyo naomba wanaotengeneza majedwali hayo wafanye mambo matatu. Kwanza, 0 iandikwe pale tu mtu alipohesabu. Pili, palipokosekana taarifa paandikwe "haijapokelewa", na pasipohusika paandikwe "haihusiki". Tatu, chini ya kila jumla na wastani ionyeshwe ni vituo vingapi kati ya vyote vilivyoleta taarifa. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka nje.

Mwananchi,
Chunya, Mbeya.