Gari Linagonga, Mfuko Unaitikia

Sisi wenye IST, Vitz na Raum za namba C tunaendesha redio ikiwa imezimwa. Muziki tunaupenda, lakini tunasikiliza gari. Ukipita kwenye rasta, mguu wa mbele unasema ko-ko-ko. Ukishika breki kwenye foleni ya Mbagala kinatoka kilio mpaka konda wa daladala ya jirani anageuka kutazama. Ukikata kona ya kuingia nyumbani, tak-tak-tak. Na mshahara bado wiki mbili.

Kugonga kwenyewe hatukulalamikii. Gari limeundwa Japani mwaka 2003, limezeeka huko, likaletwa huku kukutana na matuta. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini. Kwetu linaingia, ila linalipiwa ushuru wa uchakavu, na ushuru haujawahi kukaza nati. Hilo tumelikubali wenyewe. Tunachokataa ni kubahatishiwa.

Unafika gereji chini ya mwarobaini. Fundi anapiga jeki, anatikisa tairi mara mbili. "Bosi, hii ni bushi." Unakwenda Gerezani, unanunua bushi, zinafungwa. Ko-ko-ko. "Basi ni stabilaiza linki." Zinafungwa. Ko-ko-ko. "Shokapu zimekufa hizi." Yupo mwenzetu ambaye kwenye mguu wa mbele wa gari lake kitu pekee cha zamani kilichobaki ni ule mlio.

Na mlio wenyewe haufichi kitu. Pedi nyingi za breki zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi ili kiguse diski pedi ikibaki kama milimita 3, kipige kelele. Ile ni kengele. Ukiipuuza, kilio chembamba kinageuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma, na hapo unanunua pedi pamoja na diski. Kilio cha asubuhi baada ya mvua, kinachoisha ukishashika breki mara tatu nne, ni kutu ya usiku mmoja, kiache. Tak-tak-tak usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho mara nyingi ni jointi ya nje ya draivu shafti. Mvumo unaopanda na spidi, kisha ukabadilika gari likiyumba kushoto au kulia, anza na beringi. Ukisikia kitanda cha chuma wakati unapanda tuta polepole, tazama mipira iliyokauka au boljointi. Mafundi wanayajua haya kuliko sisi.

Kinachotuuma zaidi ni milio tunayoinunua kwa fedha zetu. Fundi akibadilisha pedi, vile vibati vinavyozishika zisicheze anavitupa mchangani: "Havina kazi hivi." Kesho ukishika breki, tak, ukirudi rivasi, tak nyingine. Bushi nazo anazikaza kabisa gari likiwa juu ya jeki, mguu unaning'inia. Gari likishushwa, mpira unakuwa umesokotwa kabla hata hujalipa. Nati ya mwisho hukazwa gari likiwa limekalia uzito wake, lakini hapo inabidi alale chini kwenye nafasi finyu, na jua hili. Baada ya miezi michache mpira umechanika, unaambiwa spea za siku hizi feki. (Nyingine feki kweli, tusiwaonee.) Halafu kuna kijana wa kuosha magari, anayepuliza dizeli chini "kuua kelele". Kelele inakufa wiki moja. Mpira unavimba, unalegea, unakufa moja kwa moja.

Lakini tuseme na letu. Nani kati yetu amewahi kulipia kuangaliwa? "Fundi, niangalizie tu mara moja," tunasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Kuangalia bure, kufunga kwa hela. Sasa mtu mwenye watoto wa kusomesha, ambaye riziki yake iko kwenye kufunga, ataangalia akose cha kufunga? Akituambia "ni nati tu imelegea, nenda", tunamshukuru sana na kuondoka, yeye anabaki na asante mkononi. Wenyewe tunaita hiyo kujua kubana matumizi.

Mwezi uliopita mmoja wetu, aliyekwisha kuchoka, alimpandisha fundi kwenye gari. Wakazunguka mitaa ya vumbi nusu saa, vioo chini, hakuna anayesema neno. Fundi akamwambia asimame, akalala chini, akashika linki ya kulia kwa vidole huku gari likitikiswa kutoka juu. Mlio ambao wote waliapa uko kushoto ulikuwa hapo. Spana moja, mizunguko miwili, wakarudi wakapita kwenye rasta: kimya.

Mwenzetu akatoa elfu kumi. Fundi akaitazama bila kuipokea.

"Ya nini tena hii, bosi? Mbona sijabadilisha kitu?"