Tusawazishe Kiwambo Kabla ya Kupamba Rangi

Yeyote aliyelelewa katika viunga vya Nyaramba, kaunti ya Nyamira, huijua rangi ya majani chai kabla hajajua kuandika jina lake. Mchumaji hufunzwa mapema kutofautisha kijani changa cha majani mawili na chipukizi na kijani kizito cha jani lililokomaa, ambalo karani wa kituo cha kununulia chai atalikataa. Ndiyo maana baba yangu, tulipoketi kutazama video ya arusi ya shangazi yangu, alisema papo hapo kwamba shamba lililoonekana nyuma ya maarusi halikuwa letu. Lilikuwa letu. Ila chai ilikuwa imegeuka manjano kama nyasi za kiangazi, na nyanya yangu, mwanamke mweusi tititi, alikuwa na uso wa rangi ya chungwa bivu.

Nyanya amekwisha kuaga dunia. Wajukuu waliozaliwa baadaye humjua kwa video hiyo tu, na mmoja wao ameniuliza kama kweli nyanya alikuwa mwekundu vile. Swali hilo ndilo chimbuko la makala haya. Maoni yangu ni kwamba wahariri wetu wa video wamejifunza kupamba rangi kabla ya kujifunza kuiona, na kwamba sisi Wanakiswahili tuna sehemu yetu katika lawama hiyo.

Kosa lilitokea wapi? Nilipopata fursa ya kuketi katika chumba cha aliyeihariri video ile, jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Kiwambo cha tarakilishi yake kilielemea upande wa buluu, kama vilivyo viwambo vingi vinavyorekebishwa ving'ae dukani. Kila picha ilionekana baridi, naye akaiongezea manjano na wekundu hadi ikapendeza. Kumbe alikuwa akitibu kiwambo chake, si picha. Ilipotazamwa katika runinga iliyo sawa, dawa ile yote ikabaki juu ya uso wa nyanya. Isitoshe, dirisha lilikuwa wazi na jua likipiga juu ya kiwambo, hivyo vivuli vikaonekana vyeusi mno, naye akavipandisha hadi picha ikapauka.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika taaluma hii, hata hivyo, mwenye macho sharti aambiwe. Jicho la binadamu huzoea upesi: baada ya dakika chache mbele ya kiwambo chenye ubuluu, akili huuhesabu ubuluu huo kuwa weupe. Kwa sababu hiyo kuna vigezo. Kigezo cha runinga kiitwacho Rec. 709, kilichopitishwa na shirika la ITU mwaka 1990, huiweka nyeupe kwenye Kelvini 6500 hivi. Na katika chumba chenye mwanga hafifu mhariri hulenga mng'ao wa kandela 100 hivi kwa kila mita mraba. Kipimarangi, kifaa kidogo kinachoning'inizwa juu ya kiwambo, husoma viraka vya rangi ambavyo thamani yake inajulikana. Kisha programu hurekebisha tofauti baina ya kilichotakiwa na kilichotokea. Huko ndiko kusawazisha kiwambo.

Sipingi ubunifu hata kidogo. Filamu ya O Brother, Where Art Thou? ya mwaka 2000, miongoni mwa filamu ndefu za kwanza kurekebishwa rangi yote kwa njia ya tarakilishi, iligeuza kijani kibichi cha Mississippi kuwa manjano ya vumbi, kwa kuwa hadithi ilidai ukame. The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani miongoni mwa mahali pengine, iliipa Kenya rangi za joto na London rangi za baridi. Msomaji anaweza kuhoji siasa ya uteuzi huo, nami nahoji. Lakini ulikuwa uteuzi. Waliogeuza kijani kuwa manjano walikiona kijani kwanza.

Wanafunzi wa ushairi wanalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Tunafunzwa uhuru wa mshairi: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi. Mshairi hufupisha neno kwa sababu anaujua urefu wake na mizani ya mshororo inamdai. Mwanafunzi anayekosea upatanisho wa kisarufi kwa kutoujua hajatumia uhuru wowote. Amekosea tu, na mhadhiri atamwekea alama nyekundu. Mhariri anayebandika rangi zilizoandaliwa tayari na watu wa mbali juu ya picha asiyoiona sawasawa yu katika hali hiyo hiyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wapo watakaosema kwamba wateja hutazama video katika simu na runinga za kila namna, hivyo kusawazisha kiwambo ni kupoteza wakati. Hoja hii inageuka dhidi ya wenyewe. Maadamu viwambo vya watazamaji vimetawanyika pande zote, kazi inayoanzia katikati itapotoka kidogo kila upande; inayoanzia pembeni itapotoka maradufu kwa baadhi yao. Wengine watasema vifaa ni ghali. Kipimarangi kimoja chaweza kununuliwa na wahariri kadhaa wa soko moja na kutumiwa kwa zamu, kwa kuwa hakihitajiki kila siku. Pazia zito, ukuta wa kijivu na kukiacha kiwambo kipate joto kwa nusu saa havihitaji mtaji mkubwa. Aidha, programu za uhariri, hata za bure kama DaVinci Resolve ya kawaida, zina grafu zinazosoma picha yenyewe bila kutegemea kiwambo.

Mojawapo ya grafu hizo ina funzo kubwa. Ndani yake huchorwa mstari wa rangi ya ngozi, na ngozi za binadamu, iwe ya Mgusii au ya Mzungu, huangukia karibu na mstari huo mmoja. Zinachotofautiana zaidi ni wepesi na ukolezi. Ni funzo lililochelewa. Kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafishia picha zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Uso wake ulipotokea sawa, mtambo ulihesabiwa kuwa sawa. Uso mweusi ukimezwa na giza, hakuna aliyeona kosa. Leo kigezo kinachotuhusu kimo mkononi mwetu. Tukikipuuza, nyuso za nyanya zetu tutakuwa tumezipotosha wenyewe.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Picha za rangi si ngeni kwetu: Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi miaka ya 1990 kupata televisheni yoyote. Hata hivyo, wahariri niliowasikia Nyaramba hutumia neno moja, "kala", kwa shughuli tatu tofauti. Napendekeza tuzitenganishe: kusawazisha kiwambo, ambako ni kuliweka jicho sawa, kusahihisha rangi, ambako ni kuifanya shela nyeupe iwe nyeupe na picha zote zilingane, na kupamba rangi, ambako ni kuipa hadithi hisia yake. Asiye na maneno matatu hufanya mambo matatu kwa pamoja, na la kwanza ndilo husahaulika.

Chama chetu kisingoje asasi kubwa. Twende katika vyumba vya wahariri, tuketi nao, tuyajaribu maneno haya katika kazi yao, na yasiyofaa tuyatupe. Mimi nitaanza na yule aliyehariri arusi ya shangazi. Picha asilia, kwa bahati, bado anazo. Nataka yule mtoto amwone nyanya yake jinsi alivyokuwa, amesimama mbele ya chai iliyo kijani.