Mwingereza wa Australia na mkimbizi wa Irumu: tofauti ni mlango wa kurudi

Juma lililopita, mwishoni mwa matangazo ya jioni, nilisoma habari fupi juu ya Waingereza wanaoishi Australia. Ilikuwa habari nyepesi, ya kuwapumzisha wasikilizaji baada ya habari za vita: jinsi wanavyoizoea nchi ambako Noeli huangukia kwenye joto na Julai ndiyo mwezi wa baridi, jinsi wanavyotamani chai na vyakula vya kwao. Nilifunga kipindi, nikaenda kulala.

Kesho yake nilifika kwenye kambi ya Kigonze, hapa Bunia. Mzee mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Boga alinishika mkono kabla sijatoa hata daftari.

"Mwanangu, jana nilikusikia. Wale Wazungu wameacha kwao, wamekwenda kujenga kwa watu, wewe umewaita ekspatrie. Mimi niko ndani ya nchi yangu, ndani ya jimbo langu la Ituri, hata mpaka sijavuka, na kila siku unaniita mkimbizi. Hebu nieleze vizuri."

Watu waliokuwa kwenye foleni ya maji walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Haya ninayoandika ni jibu langu kwa mzee yule, na kwenu nyote mnaonisikiliza Bunia, Komanda, Marabo, Gety na Kasenyi, pamoja na ninyi mnaosoma mkiwa Uganda na mbali zaidi.

Tuanze na hao Waingereza. Mwaka 1945, vita vya dunia vilipokwisha, serikali ya Australia iliona nchi ni kubwa na watu ni wachache. Ikaanzisha mpango wa kuwaleta Waingereza. Mtu mzima alilipa pauni 10 tu, mtoto hakulipa kitu, na sehemu kubwa ya nauli ikalipwa na serikali. Hadi mwanzo wa miaka ya 1970, Waingereza zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamia huko. Safari ya meli ilichukua majuma kama matano au sita.

Wale watu hawakukimbia panga wala bunduki. Walichoka na miji iliyobomolewa kwa mabomu, na ukosefu wa nyumba, na chakula kilichogawiwa kwa kadi miaka mingi hata baada ya vita. Walitafuta maisha mazuri zaidi, na hilo si kosa. Lakini msidhani waliingia moja kwa moja kwenye majumba ya fahari. Wengi waliwekwa kwanza kwenye mabanda ya mabati ya jeshi. Familia moja upande huu, nyingine upande ule, ukuta mwembamba katikati, chakula cha jikoni moja, choo cha pamoja. Mtu wa Kigonze angefika pale angesema: mambo haya ninayajua.

Kulikuwa na sharti: ukae angalau miaka miwili. Ukitaka kuondoka kabla ya hapo, urudishe nauli uliyolipiwa. Na kweli, kama robo yao walirudi Uingereza. Wengine walifika kwao, wakaona huko nako hapawatoshi tena, wakapanda meli kurudi Australia mara ya pili. Wengine walikaa, wakazaa, wakazikwa huko. Julia Gillard alizaliwa Wales. Wazazi wake walihamia Australia mwaka 1966 yeye akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2010 alikuwa waziri mkuu wa nchi ile.

Tuseme ukweli wote. Mwingereza alifunguliwa mlango ambao wengine walifungiwa. Tangu mwaka 1901 sheria za Australia ziliwekwa ili kuwazuia watu wasio Wazungu kuingia kuishi, na mabaki ya mwisho ya sera hiyo yaliondolewa mwaka 1973. Mwaka ule familia ya Gillard ilipofika, mtoto wa Irumu karibu hakuwa na nafasi hata ya kuomba.

Leo watoto wa Irumu wako huko. Mmoja ni yaya wangu, binti ya baba mkubwa. Mwaka 2003 alivuka Ziwa Albert kwa mtumbwi na mama yake, wakafika Uganda, wakaishi miaka mingi Kyangwali. Baadaye wakachaguliwa kwenda Australia. Sasa anaishi Albury, mji ulio kando ya mto Murray. Ukivuka mto uko Wodonga. Wakongomani hawakosi huko. Wana makanisa yao, kwaya zao, misiba yao na michango yao.

Nilipomsimulia swali la mzee, yaya alinyamaza kidogo, kisha akaniambia habari ambayo hakuwahi kunisimulia. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kati ya wazee anaowaosha na kuwalisha yumo bibi mmoja Mwingereza, aliyekuja kwa zile pauni 10 akiwa msichana. Ameishi Australia zaidi ya miaka hamsini. Lakini usiku, akili ikichoka, anamwomba yaya amfungulie mlango arudi kwa mama yake, mtaa fulani, mji fulani wa Uingereza. "Na mimi," yaya akasema, "namshika mkono, namwambia tutaenda asubuhi. Lakini yeye kwao kupo. Mtaa ule bado upo, mwanawe amenionyesha picha zake kwenye simu. Mimi mama yangu akiniuliza habari za kijiji, nimwonyeshe picha gani?"

Hilo ndilo jibu, mzee wangu. Nimelitafuta kwenye rangi ya ngozi, na kweli rangi imo. Nimelitafuta kwenye pesa, na pesa imo. Lakini kiini ni mlango wa kurudi. Ekspatrie ni mtu ambaye mlango wa nyumbani kwake bado uko wazi nyuma yake. Akishindwa kazi, akichoka na jua, mama yake akiugua, ananunua tiketi, na baada ya siku moja hivi angani yuko kwao. Mkimbizi ni mtu ambaye mlango huo umefungwa, awe Albury, awe Kyangwali, awe hapa Kigonze, mwendo mfupi tu kutoka shamba lake.

Wala jambo hili halikuumbwa kwa ajili ya Waafrika. Kilomita chache kutoka Wodonga kuna mahali panaitwa Bonegilla. Kati ya mwaka 1947 na 1971, zaidi ya wageni 300,000, karibu wote kutoka Ulaya, walipitia kambi ile. Wa kwanza walikuwa watu waliohamishwa na vita, ambao nchi zao zilikuwa zimeshikwa na wengine na hawakuweza kurudi. Wazungu hao hawakuitwa ekspatrie. Waliitwa kama tunavyoitwa sisi, watu waliohamishwa. Leo sehemu ya kambi imehifadhiwa, watu huenda kuitazama. Yaya aliwapeleka watoto wake. Mdogo akauliza, "Mama, hii ni Kyangwali ya Wazungu?"

Sasa, kama kiini ni mlango wa kurudi, kuna mambo matatu ya kutenda, na nitayasema bila kuzunguka.

La kwanza ni sisi tulio na ndugu nje. Tumewafanya kuwa ghala. Simu inalia Albury, na kabla ya salamu tumeshataja ada ya shule, mabati, matanga. Tena hatuangalii saa: sisi tukipiga saa mbili ya usiku, kwa yaya ni saa kumi ya alfajiri, na mara nyingine ni saa kumi na moja. Kule kodi ya nyumba huhesabiwa kwa juma, si kwa mwezi. Muuguzi aliyesomea Nyankunde akifika kule hawezi kuvaa koti lake jeupe kesho yake. Ajifunze lugha kwanza, apite masomo na mitihani ya kule, na wakati huo anafagia. Hata Mwingereza, aliyefika na lugha ileile, ana shida zake: mstaafu anayeishi Australia, pensheni anayolipwa na serikali ya Uingereza haipandi kila mwaka kama ya mwenzake aliyebaki nyumbani. Kama mwenye lugha na pasipoti anahesabu senti, ndugu yako je? Muulize kwanza, "Umelala? Kazi imekuchosha? Watoto bado wanasikia Kiswahili?" Kuomba msaada si dhambi. Kuomba kila siku bila kuuliza hali ya mtu ni kumtia upweke juu ya upweke.

La pili linawahusu ninyi mlio kambini, na hapa nawaomba mwite jirani asikie. Mzee yule wa Boga aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanawe aliuza mbuzi na simu ili kumpa mtu pesa, kwa ahadi kwamba jina lake litaingizwa kwenye orodha ya kwenda Australia. Mtu yule hapatikani tena. Ndugu zangu, nafasi hiyo haiuzwi. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, halitozi hata franka moja, si kwa kuandikishwa, si kwa mahojiano, si kwa kupendekeza mtu ahamishiwe nchi nyingine. Wanaochukuliwa kwa kawaida ni wale waliokwisha kuvuka mpaka na kuandikishwa katika nchi nyingine. Kisha nchi inayopokea huhoji, hupima afya, huamua yenyewe. Hata hao ni wachache mno: katika dunia nzima, kwa mwaka, kwa kawaida hawafiki mmoja katika wakimbizi mia. Anayekujia chini ya turubai na daftari na kuomba dola, mwambie aandike jina lake kwanza, na uite majirani waone uso wake.

La tatu ni la wakubwa. Tangu Mei 2021 jimbo letu limewekwa chini ya utawala wa kijeshi, ili amani irudi. Mwisho wa mwezi uleule, zaidi ya watu 50 waliuawa Boga na Tchabi. Julai 2025, Komanda, watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wakiwa wamekesha kanisani wakisali. Katikati ya tarehe hizo kuna vijiji vingi ambavyo havikutajwa redioni, na mimi mwenyewe nina sehemu yangu katika kunyamaza huko. Sisemi kwamba hakuna askari aliyekufa akitulinda. Wapo, na tunawaombea. Lakini kipimo cha kazi ni kimoja: je, mama wa Tchabi anaweza kwenda kuchimba mihogo yake na kurudi kabla ya jua kuzama? Siku atakapoweza, kambi itapungua yenyewe bila amri ya mtu. Kabla ya siku hiyo, kumwambia aondoke kambini ni kumsukuma kwenye mlango uliofungwa.

Kuna wanaosema: basi wote waende nje, Irumu imekwisha. Siwalaumu, njaa na hofu ni washauri wenye sauti kubwa. Lakini hesabu inakataa, nafasi hazipo. Na hata zingekuwepo, yaya ananiambia kwamba kila Jumapili baada ya ibada Wakongomani wa Albury wanazungumza jambo moja: bei ya parsela Bunia, barabara ya Komanda, nani amerudi. Wana nyumba zenye maji ya bomba na umeme usiokatika, na bado wanapanga kurudi. Hata akipata pasipoti ya Australia, mtu huyo anataka jambo dogo ambalo Mwingereza analo bila kulifikiria: uwezo wa kwenda kwao kuzika, kuoa, kuona shamba, kisha kuamua mwenyewe akae au aondoke.

Nilirudi Kigonze Jumamosi nikamweleza mzee. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Sawa, mwanangu. Lakini wewe unaposema mkimbizi, mkimbizi, hata mlango wangu unausahau. Watoto hawa wadogo waliozaliwa hapa wanadhani kwao ni Kigonze."

Ana haki. Kwa hiyo, kuanzia matangazo ya juma hili, nitajaribu kumtaja mtu kwa kijiji chake kwanza: mkulima wa Boga anayeishi kambini Kigonze, fundi wa Komanda aliye Bunia, mwalimu wa Tchabi aliye Kyangwali. Itanichukua sekunde chache zaidi hewani. Nanyi mkinisikia nimesahau, nipigieni simu mnikumbushe.