Rangi Mpya Haiponyi Treni ya Bati

Mwandishi wenu anashauri treni kongwe za kuchezea za bati, zile za umeme, zipakwe rangi upya eti zipande bei. Zipande kwa nani? Mnunuzi makini wa treni za kampuni kama Lionel au Märklin hutafuta kwanza rangi ya kiwandani, hata iliyochubuka. Akinusa ya kopo, bei inaporomoka papo hapo. Tena ugonjwa wenyewe hauko kwenye rangi. Magurudumu kadhaa ya miaka ya 1930 yalisubiwa kwa aloi ya zinki iliyoingiwa na risasi: huvimba, hupata nyufa, kisha humeguka mkononi. Badilisha gurudumu, sugua reli ya kati ipitishayo umeme, tia tone la mafuta kwenye ekseli. Brashi irudishe stoo.